Njia za miguu Lushoto: Fungu la mpango ndilo mtaji wa kwanza

GUNIA la viazi linaloshushwa sokoni Dar es Salaam kutoka Lushoto halianzi safari yake kwenye lori. Kabla ya kufungwa na kupakiwa Lukozi, Soni au mjini Lushoto, viazi vyake vimekwisha kubebwa kidogo kidogo kichwani, mgongoni, kwa toroli au nyuma ya baiskeli, kupitia kijia chembamba kinachokatiza mashamba, kushuka bonde na kupanda kilima. Ndivyo ilivyo pia kwa kabichi, karoti, nyanya, plamu na mapeasi.

Kipande hicho cha kwanza cha biashara ya Usambara kinategemewa na wote, lakini ni nadra kukiona kikipewa kifungu chake katika bajeti. Barabara kuu na za mkoa zina TANROADS. Barabara za wilaya zina TARURA. Misitu ya hifadhi ina Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kijia kina wapita njia tu.

Swali lililo mbele ya wafanyabiashara wa Lushoto na Bumbuli ni hili: fedha za umma ziombwe vipi ili vijia hivyo vipangwe upya, viwe salama kwa anayetembea na kwa anayeendesha baiskeli? Na nani aanze kuziomba?

Gharama isiyoandikwa

Lushoto iko katika milima ya Usambara Magharibi, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya hiyo, pamoja na eneo la Bumbuli ambalo sasa lina halmashauri yake. Mashamba ni madogo, mengi yako kwenye miteremko, na gari haliyafikii.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ina urefu wa kilomita 33 hivi. Inapanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Lori, basi, bodaboda, mwanafunzi na mama mwenye tenga kichwani hugombea upana ule ule wa lami. Wakati wa masika, udongo na mawe yanapoporomoka, nafasi ya mtembea kwa miguu ndiyo hupotea kwanza.

Kwa mfanyabiashara, hali hiyo huleta gharama za aina tatu. Ya kwanza ni ujira wa kubeba. Ya pili ni mali inayobonyea au kuanguka njiani, hasa nyanya na plamu. Ya tatu ni muda: mzigo ukichelewa kufika barabarani, lori huondoka, na mkulima aliyebaki na kabichi kando ya barabara jioni hana nguvu ya kubishana bei. Ndiye huyo pia anayekubali kirahisi kufungiwa lumbesa.

Chukua mfano wa hesabu tu. Mkulima ana mizigo 40 ya kutoa shambani. Njia ikiwa kavu mbebaji analipwa Sh 2,000 kwa mzigo, jumla Sh 80,000. Mvua ikinyesha, njia ikawa utelezi na daraja la miti likawa halipitiki, mbebaji anazunguka mbali na kudai Sh 3,000. Jumla inakuwa Sh 120,000. Ile tofauti ya Sh 40,000 hairudi katika bei, kwa kuwa mnunuzi wa Dar es Salaam haulizi kijia kilikuwaje. Inakatwa katika faida ya mkulima au ya mchuuzi aliyenunua shambani.

Na hiyo ni hesabu ya mzigo peke yake. Mbebaji akiteleza na kuvunjika mguu, au mtoto wa shule akigongwa na baiskeli inayoshuka bila breki kwenye kona, gharama yake huenda hospitali na nyumbani, wala haionekani katika taarifa yoyote ya soko.

Mali bila daftari

Wenye maduka hupenda kuandika ukutani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vijia vya Usambara ni mali ya namna hiyo.

TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017, inahudumia mtandao wa barabara unaozidi kilomita 144,000 nchi nzima. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za wilaya katika za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Barabara iliyomo katika orodha ndiyo inayopangiwa matengenezo kwa fedha za Mfuko wa Barabara. Kijia kinachounganisha kitongoji na kitongoji kwa kawaida hakimo. Kikikatwa na mvua, hakuna ofisi inayodaiwa. Mwenye shamba akisogeza mpaka wake hatua mbili, hakuna ramani ya kumrudisha.

Tatizo la pili ni kwamba njia moja huweza kuwa na wenyewe wanne. Mtu anayetoka mjini Lushoto kwa miguu kuelekea Magamba huanzia katika mitaa ya mji, akafuata ukingo wa barabara ya magari, akakata katika ardhi ya kijiji, kisha akaingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba. Hifadhi hiyo, yenye zaidi ya hekta 9,000, iko chini ya TFS. Kila mmoja wa wenyewe hao ana bajeti yake na taratibu zake. Hakuna atakayetoa shilingi kwa kipande chake iwapo hajui kipande kinachofuata kitafanywa na nani.

Ndiyo maana fedha ya kwanza kuombwa si ya saruji wala sururu. Ni ya mpango: waraka mmoja unaoonyesha njia inapita wapi, nani mwenye kila kipande, nani anaitumia, itagharimu kiasi gani na nani ataitunza. Fedha hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya ujenzi, lakini bila ya waraka huo hata mfadhili mwenye nia njema hana mahali pa kuweka saini.

Mpango uwe na nini

Mpango unaofaa kuombewa fedha unapaswa kujibu mambo matano.

La kwanza ni hesabu ya watumiaji. Wahesabiwe siku ya soko na siku ya kawaida, kiangazi na masika: wangapi wanatembea, wangapi wana mizigo, wangapi wana baiskeli au toroli, wangapi ni wanafunzi, wangapi ni watalii. Kazi hii huweza kufanywa na vijana wa kijiji wenye daftari na kalamu, wakiwekwa penye njia panda tangu alfajiri hadi jioni.

La pili ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji unaweza kuonyesha njia za umma. Upana wa njia ukubaliwe katika mkutano mkuu wa kijiji na uandikwe katika muhtasari, na kila mwenye shamba linaloguswa aelezwe mapema atapoteza nini na atapata nini.

La tatu ni ufundi. Katika milima, adui wa njia ni maji. Kijia kinachoshuka moja kwa moja hugeuka mfereji, na baada ya masika chache huwa korongo. Njia ya kudumu hupindapinda ili kupunguza mteremko, ina mifereji ya kutoa maji pembeni, na ina kalavati au daraja dogo penye kijito. Kingo hushikiliwa kwa majani na miti. Ufundi huo si mgeni kwa Wasambaa. Mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kilimo mseto, SECAP, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, ulihimiza mistari ya majani na miti katika mashamba ya miteremko.

La nne ni kanuni za kushirikiana. Mwenye miguu na mwenye baiskeli wanaweza kutumia njia moja iwapo inajulikana nani anampisha nani. Mtembea kwa miguu apewe haki ya kwanza, na mwenye mzigo kichwani kuliko wote, kwa sababu hawezi kukwepa ghafla. Mwenye baiskeli anayeshuka apunguze mwendo na kupiga kengele kabla ya kona. Penye kona isiyoonekana mbele, vichaka vikatwe na njia ipanuliwe. Penye mteremko mkali kuliko kiasi, baiskeli ikokotwe au ipewe mkondo wake.

La tano ni matengenezo. Mpango usiotaja nani atazibua mifereji kabla ya vuli na kabla ya masika ni mpango wa kujenga mara moja na kupoteza mara moja.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Wazo la kutumia fedha za maendeleo kupanga vijia si geni nchini. Mradi wa usafiri vijijini wa Makete, ulioanza mwaka 1985 kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani (ILO), ulianza kwa kuwahesabia wanavijiji safari zao. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya safari zilikuwa za miguu na za karibu: majini, kuni, shambani na mashineni, na kwamba mzigo mkubwa ulikuwa juu ya wanawake. Kutokana na hesabu hiyo, vijia na madaraja madogo viliingizwa katika kazi za mradi pamoja na barabara, wanavijiji wakichangia nguvu zao.

Mijini pia yalifanyika majaribio. Katika miaka ya 1990, Temeke na Morogoro, pamoja na Nairobi na Eldoret nchini Kenya, zilikuwa na miradi ya kuboresha njia za watembea kwa miguu na baiskeli chini ya programu ya sera za uchukuzi barani Afrika iliyosimamiwa na Benki ya Dunia. Huko nako watumiaji walishirikishwa katika kuchagua sehemu za kurekebishwa.

Kwa upande wa utalii, mfano wa karibu ni Rwanda. Njia ijulikanayo kama Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kando ya Ziwa Kivu, hutumiwa na watembea kwa miguu na wapanda baiskeli, na inatangazwa kama bidhaa moja yenye jina moja. Lushoto ilianza mapema zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, Lushoto ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuingia katika mpango wa utalii wa kitamaduni, ambao sehemu ya malipo ya mgeni ilitengwa kwa maendeleo ya kijiji. Hadi leo wageni hutembea kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku kadhaa, wakilala vijijini. Kinachokosekana ni njia iliyopangwa kwa ajili ya mgeni na mwenyeji kwa pamoja.

Upo pia mfano wa kuogopwa. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi Mlalo, ambao baadaye ulipanuliwa Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta. Nia ilikuwa kuokoa udongo, lakini mpango ulitoka juu na kazi ilikuwa ya amri. Upinzani ulikuwa mkali katika miaka ya 1950, na matuta yaliachwa. Anayetaka kupanga njia katika mashamba ya watu Usambara anapaswa kukumbuka habari hiyo kabla ya kutuma mpimaji.

Fedha ziko wapi

Mlango wa kwanza ni mapato ya ndani ya halmashauri. Wafanyabiashara wa mazao wana haki ya kuugonga kwa sauti, kwa kuwa wanalipa ushuru. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Halmashauri ilibaki na kiwango kidogo zaidi cha kukusanya, lakini kila mzigo unaofika barabarani salama ni mzigo unaoweza kutozwa.

Mlango wa pili ni TARURA. Mwaka 2021 Bunge liliidhinisha nyongeza ya Sh 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Njia ya miguu itapata nafasi hapo ikiombwa kama sehemu ya barabara iliyomo katika orodha: bega la kutembelea, ngazi za kushukia, kivuko cha mtoni.

Mlango wa tatu ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambao hulipa ujira wa muda kwa kaya maskini zinazofanya kazi za umma. Kuchimba mifereji na kupanda majani kwenye kingo ni kazi za mikono za aina hiyo. Mlango wa nne ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha zake ni chache kwa ujenzi, lakini kazi ya kuhesabu na kuchora ramani haihitaji nyingi.

Kwa vipande vinavyopakana na misitu, yupo TFS mwenyewe, na upo Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2001, ambao husaidia jamii zinazoishi jirani na misitu ya milima hiyo, Usambara ikiwemo.

Hoja za wenye wasiwasi

Wapo watakaosema kwamba kijiji kisicho na barabara hakiwezi kuzungumzia vijia. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, penye mteremko ambao gari haliwezi kuupanda bila kukata nusu ya kilima, kijia kitabaki kuwa njia pekee kwa miaka mingi, na hata barabara ikija, mzigo bado utatoka shambani kwa miguu. Viwili hivyo viombwe pamoja, kila kimoja kwa kazi yake.

Wasiwasi wa pili ni wa haki kabisa: upembuzi yakinifu mwingi umeishia kabatini baada ya washauri kulipwa. Dawa yake ni kuomba mpango mdogo wenye mipaka. Njia moja, vijiji vinavyotajwa kwa majina, muda uliowekwa, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya ramani na muhtasari wa mikutano kubandikwa katika ofisi za vijiji.

Wa tatu ni bodaboda. Pikipiki zimeleta ajira na zimeokoa wagonjwa usiku. Zikiingia katika kijia cha watembea kwa miguu, zinaleta ajali na kuchimba udongo. Zikifukuzwa bila kupewa njia mbadala, vigingi vitang'olewa siku ya pili. Waendeshaji wanapaswa kukaa mezani tangu mwanzo, na ramani ionyeshe wapi pikipiki inapita na wapi inaishia.

Kalenda ya kuomba

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, lakini halmashauri huandaa makisio yao miezi mingi kabla, kati ya Novemba na Februari. Anayepeleka ombi Mei amekwisha chelewa mwaka mzima.

Kwa hiyo hoja ianzie katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana kila miezi mitatu. Mkutano wa Septemba au Oktoba ndio wenye faida. Kutoka hapo iende kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani. Ombi linalobebwa na vijiji vitatu vinavyotumia njia moja lina uzito kuliko maombi matatu ya njia tatu. Likiambatana na hesabu ya mizigo iliyosainiwa na wachuuzi wa soko, diwani anapata cha kusimamia. Mchango wa wafanyabiashara wenyewe, hata ukiwa wa kulipa vijana wa kuhesabu, huonyesha kwamba waombaji hawakuja mikono mitupu.

Dalili za kuangalia

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria nyumba ya wageni Mtae, karakana ya baiskeli Lushoto au ghala la kukusanyia mboga Lukozi, habari ya vijia ni ya kufuatilia kwa makini bila kuikimbilia. Uvumi wa njia mpya usimfanye mtu anunue kiwanja leo.

Dalili ya kwanza ni kifungu chenye jina la njia katika kitabu cha bajeti cha halmashauri, hata kama kiasi chake ni kidogo. Ya pili ni muhtasari wa mikutano ya vijiji unaotaja upana uliokubaliwa. Ya tatu ni barua za makubaliano kati ya halmashauri, TARURA, TANROADS na TFS kuhusu vipande vyao. Ya nne ni jina la kamati au kikundi kilichopewa matengenezo, pamoja na chanzo cha fedha zake.

Dalili hizo nne zikionekana, mali imeingia katika daftari na mtaji unaweza kusogea. Zisipoonekana, mbebaji ataendelea kudai ujira wa masika, na mchuuzi ataendelea kuulipa.